Maswali ya Wasomaji: Vibuyu, Rangi za Udongo na Kisiki cha Kahawa

Barua nyingi tulizopokea kutoka Arusha na Moshi zinalia kilio kimoja: kazi ya mikono iliyotokana na shamba inapendeza siku ya kwanza, baada ya miezi inapauka, inasinyaa au inapasuka. Tumechagua tano. Mara nyingi kosa halikufanyika siku ya kuchora wala ya kuchonga. Lilifanyika muda mrefu nyuma, kwenye kupanda, kuvuna au kukausha.

Habari za kazi, wahariri. Nimepanda vibuyu kando ya migomba ili nivichore na kuviuza. Msimu uliopita nilivuna vingi, vingine vikasinyaa, vingine vikaota ukungu mweusi nikavitupa. Nakosea wapi? — Mama wa Machame

Pole mama, ila huenda hivyo vya ukungu ulitupa mali. Kibuyu kinapokauka hutoa maji yake kupitia kwenye ganda, na ukungu hustawi juu ya unyevu huo. Kama uko nje tu, na ganda ni gumu ukilibonyeza kwa dole gumba, ufute kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo, kigeuze kibuyu, endelea kusubiri. Mabaka ya kahawia na kijivu yanayobaki, wachoraji wengine huyapenda na kuyaingiza kwenye mchoro. Cha kutupa ni kile kinachobonyea, kinachovuja au kunuka.

Kusinyaa ni habari nyingine: ulivuna mapema. Kibuyu hufikia ukubwa wake kwanza, kisha ndipo ganda hukomaa taratibu kwa ndani. Kwa jumla ni miezi 4 hadi 5 tangu kupanda, na kwenye ukanda wa juu wenye baridi huzidi hapo. Usidanganywe na ukubwa, angalia kikonyo. Kikishakauka na kuwa kahawia, mmea umeacha kukilisha kibuyu, nawe unaweza kukata. Acha kikonyo cha kama sentimita 5; kibuyu kikinyofolewa bila kikonyo huanza kuoza palepale.

Sasa tazama kalenda yako. Ukipanda mwanzoni mwa masika, mwezi Machi, vibuyu hukomaa Julai na Agosti, wakati Machame imefunikwa na mawingu na baridi. Kuvianika nje ni kuvilowesha. Viweke kwenye kichanja chini ya paa, au juu darini mwa jiko la kuni, visigusane, na uvigeuze kila wiki. Moshi hufukuza wadudu, huzuia ukungu na kulipa ganda rangi ya asali. Kidogo cha ukubwa wa chungwa huchukua kama miezi 2. Kikubwa cha lita 5 kinaweza kuchukua hadi 6. Usikiharakishe kwa kukiweka kwenye jua kali, kitapasuka. Kimekauka pale kinapokuwa chepesi na mbegu zinacheza ukikitikisa.

Kwa kuwa unavipanda mwenyewe, unaweza kuanza kazi ya sanaa mapema zaidi ya wenzako wanaonunua vikavu. Maua ya mmumunye, yaani mmea wa vibuyu, ni meupe na hufunguka jioni, nyuki wakiwa wamelala, hivyo kazi ya kuchavusha hubaki kwa nondo na wadudu wengine wa usiku. Mwaka ambao maua yanadondoka bila kushika, chavusha kwa mkono kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku: chuma ua dume, lile lenye kikonyo chembamba, ondoa petali zake, kisha lisugue katikati ya ua jike, ambalo utalitambua kwa kibuyu kichanga kilicho chini yake. Maua majike hutokea zaidi kwenye matawi ya pembeni, kwa hiyo shina kuu likifika mita 3 likate ncha. Kibuyu kinachoning'inia kwenye uchaga hunyooka shingo. Kinacholala chini hupata kitako bapa na shingo iliyopinda. Ukikifunga kamba laini kiunoni kingali kichanga, kitakua na kiuno. Ila usiuache mmea upande kwenye kahawa, utaifunika na kuinyima mwanga.

Tena unaweza kukichora kikiwa bado kiko mmeani. Kikishafikia ukubwa wake lakini ukucha bado unaingia kwenye ngozi, chora kwa ncha ya msumari, usizidi unene wa ngozi ya juu, chini ya milimita 1. Mmea hutibu jeraha hilo wenyewe: mstari hujaa kovu la kahawia lililoinuka, na hubaki hivyo kibuyu kikikauka. Fanya kazi hii siku za jua. Mvua ikinyesha juu ya jeraha bichi, kibuyu huoza. Na ukichora kwa kina, umekitoboa.

Kikikauka, kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu kwa saa moja, kikwangue ngozi ya juu kwa kisu butu, kisha kipitishie msasa laini. Hapo ndipo unapochonga au kuchoma michoro kwa waya wa moto. Ukikitoboa, vaa barakoa au lowesha ndani kwanza, maana vumbi la nyama kavu ya kibuyu hukereketa mapafu vibaya. Cha kuwekea maziwa au mbege usikipake vanishi ndani: ondoa nyama yote, kijaze maji, ukiyabadilisha kila siku kwa wiki nzima. Kama maji bado ni machungu baada ya hapo, kiwe cha pambo tu. Uchungu ule ni sumu ya jamii ya maboga na huumiza tumbo.

Shikamooni. Mimi ni mchoraji chipukizi. Natumia rangi za shambani: udongo, manjano, kahawa na maua ya choya. Picha niliyomuuzia mteja imebaki udongo na kahawa, njano na zambarau zimeondoka. Nyingine udongo umepasuka na kudondoka. Nifanyeje? — Kijana wa Sakina, Arusha

Marahaba. Hukukosea kuchanganya, ulikosea kudhani kwamba rangi zote hizo zina umri mmoja. Udongo mwekundu na wa njano hupata rangi yake kutokana na madini ya chuma yaliyokwisha kupata kutu. Jua halina tena cha kuyafanya. Masizi na mkaa nayo hayapauki. Kahawa hupauka polepole. Manjano na choya ni rangi za mimea ambazo mwanga huzivunja, na kwenye ukuta unaopigwa na jua huisha kwa wiki chache tu. Manjano ina visa vingine pia: ukiichanganya na chokaa au majivu hugeuka nyekundu ya kutu mbele ya macho yako.

Jipimie mwenyewe kabla ya kuuza. Paka kila rangi kwenye ukanda wa karatasi, funika nusu yake kwa kipande cha boksi, bandika kwenye kioo cha dirisha la mashariki au magharibi, acha wiki 4. Ukifunua, utaona mpaka kati ya upande uliofunikwa na uliokaa wazi. Rangi isiyo na mpaka ndiyo ya kuuza. Yenye mpaka itumie kwenye kadi au daftari linalofungwa.

Njano inayodumu ipo, nayo ni udongo wa njano. Ukitaka nyekundu kutoka kwenye udongo huohuo, usage uwe unga, ukaange kwenye kikaango kikavu cha chuma juu ya mkaa uliokolea, ukigeuza kwa dakika 30 hadi 60. Moto huondoa maji yaliyofungwa ndani ya madini na njano hugeuka wekundu wa tofali. Epua kidogo kidogo kila baada ya dakika 10, utapata rangi nne au tano kutoka kwenye kikaango kimoja. Ila njano kali kama ile ya picha za Tingatinga usiitafute shambani. Wachoraji wale, tangu Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960 jijini Dar es Salaam, wanatumia rangi ya mafuta ya dukani, na si aibu kuinunua.

Kuhusu kupasuka. Kwanza, usichukue udongo wa juu wenye mboji, hunuka na kuota ukungu. Chimba sentimita 50 au chukua kwenye ukingo wa barabara uliokatwa. Uepuke udongo mweusi wa mbuga, ule wa tambarare unaonata masika na kufanya nyufa kiangazi. Udongo huo unavyopasuka shambani ndivyo utakavyopasuka kwenye picha. Twanga kilo 2, weka kwenye ndoo, ongeza maji mara nne yake, koroga kwa nguvu, subiri nusu dakika hadi dakika moja. Mchanga utatua. Maji ya rangi yaliyo juu yamimine kwenye ndoo ya pili na uache usiku kucha. Asubuhi mwaga maji safi, matope laini yaliyobaki ndiyo rangi. Yakaushe kwenye sahani, kisha yasage juu ya kigae kwa kitako cha chupa hadi usisikie chembe.

Kinachoshika rangi ni gundi. Gundi ya mgunga inayoyeyuka majini: kipimo 1 cha gundi kwa vipimo 2 vya maji ya moto, iache usiku, ichuje kwa kitambaa, tia matone machache ya asali ili isikakamae na karafuu mbili tatu kuzuia ukungu. Changanya na unga wa udongo kwa vipimo sawa, paka tone, acha likauke, sugua kwa kidole. Kidole kikitoka na vumbi, gundi ni pungufu. Tone likimetameta na kufanya nyufa, gundi imezidi au umepaka nene. Tabaka tatu nyembamba, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata, ni bora kuliko moja nene. Bila gundi ya mgunga tumia kiini cha yai na maji kiasi hichohicho, ila mchanganyiko huo ni wa siku moja tu. Masizi hukataa maji kwa sababu ya mafuta yake. Yaloweshe kwanza kwa matone ya spiriti.

Wahariri, nina kahawa ya zamani ninayotaka kuikata visiki. Mwanangu anasema mashina yasiwe kuni, atachonga miiko na bakuli. Tulijaribu gogo moja likapasuka lote. Mti wa kahawa hauchongeki? — Mzee wa Kibosho

Unachongeka sana, mzee wetu. Ni mti mgumu, mweupe unaoelekea njano, wenye nyuzi zilizobanana, na kwa mwiko hauna mpinzani. Kwa bakuli kubwa hapana, mashina ni membamba mno. Mwambie kijana aachane na bakuli.

Tuanze na shamba. Kata baada ya mavuno na kabla ya masika, Januari au Februari, ili machipukizi yapate mvua. Kisiki kibaki na sentimita 30 hadi 45, na mkato uwe wa mshazari ili maji yateremke yasituame. Machipukizi yatatoka mengi. Baadaye bakiza 2 au 3 yenye nguvu yaliyotokea pande tofauti. Mavuno ya maana yatarudi mwaka wa pili au wa tatu, kwa hiyo usikate shamba zima mara moja, gawa robo robo. Ukiona mikahawa yenyewe imechoka hata mizizi, ni afadhali kung'oa na kupanda miche ya aina zinazovumilia magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, pale Lyamungu ndio wenyewe kwa hilo.

Sasa gogo. Mti ukikauka husinyaa kufuata mzunguko wa pete zake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka nje kuelekea kiini. Gogo zima la mviringo halina pa kupumulia, lazima lipasuke. Dawa ni kulipasua wewe kwanza: lipige shoka katikati ya kiini siku ileile, upate nusu mbili, kisha uondoe kiini chenyewe kwa tezo. Ncha za mbao hupoteza maji haraka kupita ubavu, kwa hiyo zipake nta iliyoyeyushwa au rangi nzito ya mafuta kabla jua halijazama. Halafu chonga umbo la mwiko likiwa bichi, kisu kinapita kirahisi, lakini uache nene kwa milimita 5 kila upande. Uzike kwenye mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake, mahali penye kivuli.

Utajuaje umekauka? Tumia mizani ya jikoni. Pima kila wiki, andika uzito kwa penseli kwenye mpini. Uzito ukibaki uleule wiki tatu mfululizo, maliza kuchonga na upige msasa. Mwiko huchukua wiki 4 hadi 8. Mbao nene ya kinyago ni mambo mengine, hesabu karibu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na masika haisaidii chochote.

Kabla ya yote kagua mashimo. Ukiona unga wa mbao umerundikana chini ya shina, ni bungua mweupe wa kahawa. Funza wake hukaa ndani ya mti kwa muda mrefu na huendelea kutafuna hata baada ya shina kukatwa, kisha mdudu mzima hutoka na kurudi shambani. Mashina hayo pasua na uyachome mara moja, usiyahifadhi karakana kando ya kahawa. Kijana akiyasikitikia, mwambie kwamba mwiko wenye tundu haununuliwi.

Mwisho paka nta ya nyuki kipimo 1 na mafuta ya alizeti vipimo 3, vikiyeyushwa kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria ya maji, si juu ya moto wenyewe. Paka nyembamba, futa baada ya nusu saa. Mafuta yakiachwa mengi hunata na kuchacha.

Shuleni kwetu tunataka kumbukumbu ya kila darasa linalomaliza, ila hatuna fedha za sanamu. Kuna wazo la miti. Tufanyeje isiwe miti tu kama mingine? — Mwalimu, Usa River

Mwalimu, kuna mfano mzuri wa kuiga. Mwaka 1982 msanii Joseph Beuys alianza kupanda miti 7,000 mjini Kassel, Ujerumani, kila mti ukiwa na nguzo ya jiwe la volkano pembeni yake. Mawe yote yalirundikwa kwanza mbele ya jumba la makumbusho. Kila mti ulipopandwa jiwe moja liliondolewa, watu wakawa wanaiona kazi ikisonga kwa rundo kupungua. Beuys alifariki Januari 1986, na mti wa mwisho ulipandwa 1987. Mwanzoni jiwe lilikuwa kubwa kuliko mche. Leo miti imeyaacha mawe chini kabisa.

Usa River mko chini ya Meru, mawe meusi ya volkano ni ya kuokota. Chagua yenye urefu wa sentimita 60 hadi 80 ambayo watu wawili wanaweza kuyabeba, yarundikeni karibu na geti, moja kwa kila mwaka mnaoutarajia. Theluthi moja ya jiwe ifukiwe, umbali wa mita 1 kutoka kwenye mche, maana likiwa karibu shina likinenepa litalisukuma. Mwaka uchongwe kwa patasi ya mawe. Mkiupaka rangi, mtakuwa mnaurudia kila baada ya masika chache.

Mti uwe mringaringa au mruka, yote miwili inaijua hali ya hewa ya hapa na ina kivuli cha kukalia. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uwekwe kando na urudishwe kwanza ukiwa umechanganywa na debe moja la samadi iliyooza. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Pandeni Aprili ardhi ikiwa imeloa, mita 6 au zaidi kutoka kwenye ukuta wa darasa. Kinachoua miti ya shule si ukame wa mwaka wa tano, ni likizo ya kwanza ya Juni: wanafunzi wameondoka, mbuzi wameingia. Wekeni uzio wa miti na miiba siku ileile ya kupanda, na mlinzi apewe jukumu la lita 10 kwa kila mche mara mbili kwa wiki hadi vuli.

Nataka kupiga picha shamba letu la kihamba mahali palepale kila mwezi kwa miaka. Nitumie kamera gani? — Mjukuu, Marangu

Simu inatosha. Kinachoshinda wengi si kamera, ni kusahau waliposimama. Chimbia nguzo ya chuma yenye urefu wa mita 1.5, piga alama juu yake ya mahali simu inapokaa, na chagua kitu kimoja kisichohama, kona ya nyumba au jiwe, kiwe kwenye pembe ileile ya picha kila mara. Usivute picha karibu. Chagua tarehe moja ya mwezi na saa moja. Kwa Marangu saa 1 asubuhi ni bora, mlima ukiwa bado haujajifunika.

Usiweke nguzo mbele ya mgomba. Kichaka cha migomba huhama, kila chipukizi jipya hutokea pembeni ya mama yake, na baada ya miaka michache utakuwa unapiga picha ya majani tu. Jumuisha kilele kama kinaonekana. Picha na ramani za zamani za Kilimanjaro ndizo zilizowezesha watafiti kuonyesha kwamba takribani asilimia 85 ya barafu iliyokuwepo mwaka 1912 ilikuwa imekwisha kufikia 2007.

Andika tarehe kwenye jina la picha na kwenye daftari: mvua, mbolea, mti uliokatwa. Kila Desemba safisha kwa fundi nakala za karatasi za picha zote 12, uziandike nyuma kwa penseli, kwa sababu simu hupotea na wino wa kalamu huvujia upande wa pili.